Namna ya Kusoma Daraja la Kimbunga na Kukadiria Madhara Yake

Hatua ya 1: Tafuta kasi ya wastani. Daraja hutolewa kwa upepo unaokadiriwa mita 10 juu ya ardhi au bahari, wala si kwa ule msukumo wa ghafla wa sekunde chache, ambao hupendwa na vichwa vya habari kwa sababu tarakimu yake ni kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Uliza wastani huo ni wa muda gani. Hapa ndipo wengi hukosea. Marekani hutumia wastani wa dakika 1, ilhali vituo vingi vya mataifa mengine hutumia dakika 10, na kimbunga kilekile huonekana dhaifu zaidi kwa kipimo cha pili. Chukua taarifa yenye kilomita 185 kwa saa kwa wastani wa dakika 10. Ili kupata wastani wa dakika 1, unaotumiwa na kipimo cha Hatua ya 3, ukigawanya kwa 0.88, kama ilivyozoeleka, unapata 210. Ukigawanya kwa 0.93, kama Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilivyopendekeza mwaka 2010 kwa bahari ya wazi, unapata 199. Andika umetumia kipi, maana tofauti hiyo inahamisha daraja.

Hatua ya 3: Linganisha na kipimo cha Saffir-Simpson, kinachopanga vimbunga kwa kasi ya upepo, kwa kilomita kwa saa: daraja la 1 ni 119 hadi 153, la 2, 154 hadi 177, la 3, 178 hadi 208, la 4, 209 hadi 251, la 5, 252 na kuendelea. Mfano wetu, basi, unaangukia la 4 au la 3.

Hatua ya 4: Kadiria madhara ya upepo. Kasi ikiongezeka maradufu, shinikizo juu ya ukuta huwa mara nne, kwa hiyo usidhani kwamba daraja la 4 lina madhara maradufu tu ya la 2.

Hatua ya 5: Pima maji peke yake. Kimo cha maji ya bahari yanayosukumwa na kimbunga na kanieneo (shinikizo la hewa) viliondolewa katika kipimo cha Saffir-Simpson mwaka 2010, na kwa maoni yangu ilikuwa sawa: Katrina ya 2005 ilitua Louisiana ikiwa daraja la 3, lakini ilisukuma maji ya zaidi ya mita 8 katika pwani ya Mississippi, kwa kuwa ilikuwa pana na ilikuwa daraja la 5 ilipokuwa baharini. Mimi hukiwekea kila kimbunga safu tatu: upepo, bahari na mvua. Harvey ya 2017, iliyodhoofika na kuwa dhoruba ya kitropiki ndani ya siku moja baada ya kutua Texas, iliandika zaidi ya milimita 1,500 katika safu ya tatu.