Kubadili spoki ya nyuma iliyokatika

Juzi kijana anayeuza maji alinisukumia baiskeli yake, ringi ya nyuma inasugua fremu. "Fundi, nikazie tu niwahi." Spoki mbili zilikuwa zimekatikia shingoni, penye kona karibu na kichwa, upande wa friwili (gia ya meno inayovutwa na mnyororo), palepale zinapokatika siku zote, maana za upande huo hukazwa zaidi kuliko za kushoto. Sasa nikaze nini?

1. Toa gurudumu, tairi, tyubu na utepe wa ringi.

2. Fungua friwili kwa kifaa chake, kinyume cha saa. Patasi na nyundo sitaki kuziona.

3. Nenda dukani na spoki nzima ya upande uleule. Usitaje ukubwa wa gurudumu, "inchi 28", ukaridhika. Urefu wa spoki ukizidi milimita tatu tu, itatokeza ndani ya ringi na kutoboa tyubu. Pima na unene: geji 14 ni milimita 2. Nunua na nati zake, zile zinazoishika kwenye ringi.

4. Pitisha mpya. Hesabu kwenye ringi kuanzia tundu tupu: spoki ya nne ndiyo pacha wake. Kichwa cha pacha kikiwa upande wa ndani wa habu (kitovu cha gurudumu), na cha mpya kiwe ndani. Pacha akipita chini ya spoki anayokatizana nayo, na mpya apite chini. Ipinde kidogo ipenye, itanyooka yenyewe.

5. Kaza. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima nikiwa mwanagenzi. Nilizungusha kulia kama nati yoyote, ringi ikazidi kuyumba, nikazidi kuzungusha. Kumbe kwa spana ya spoki unaitazama nati kwa nyuma! Ukiitazama toka upande wa tairi, kufuata saa ni kukaza. Ukitazama toka kwenye habu, ni kinyume chake. Nati zenye kutu zitie tone la oili kwanza. Koleo usiguse, linazila nati kona zote. Kijana wetu alishaziharibu tatu njiani.

Halafu usikimbilie spoki za jirani. Hazijabadilika hizo. Kaza mpya robo mzunguko, igonge kwa spana, sikiliza, linganisha na jirani wa upande uleule. Mlio mzito maana yake bado. Zikishalingana, ringi huwa imerudi karibu yote. Ikibaki kukimbilia kulia, legeza za kulia kidogo na kukaza za kushoto, robo kwa robo.

6. Ncha iliyotokeza ipige tupa, rudisha vyote.

Kijana nilimwambia arudi baada ya safari chache za madumu. Alirudi, spoki moja mpya imelegea, nikaiongezea robo.