Namna ya Kufuatilia Fedha za Barabara ya Wilaya Yako

Anayeshuku kwamba fedha za barabara yake zimeliwa aanze kwa kuuliza barabara hiyo ni ya nani, kwa sababu malalamiko mengi hufia ofisini kwa kupelekwa kwa mtu asiyehusika. Hapa Uganda, barabara kuu za taifa, zenye urefu wa takribani kilomita 21,000, zilikuwa chini ya UNRA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Barabara, hadi ilipovunjwa mwishoni mwa 2024, na sasa ziko mikononi mwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barabara za wilaya ni za halmashauri ya wilaya, za mjini ni za manispaa au jiji, na njia zinazounganisha vijiji ni za gombolola, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Mwongozo huu unahusu zaidi barabara za wilaya, maana huko ndiko mwananchi wa Koboko, Kasese au Busia anakoweza kuiona kazi kwa macho yake na kuwafikia wahusika kwa miguu.

Hatua ya pili ni kujua ni fedha kiasi gani zilizotolewa, na kwa kazi ipi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, na Wizara ya Fedha hutoa fedha kwa robo. Kiasi kilichotolewa kwa wilaya yako kinapaswa kuonekana katika tovuti ya bajeti ya wizara hiyo na kwenye ubao wa matangazo wa wilaya. Usiudharau ubao huo. Uchunguzi uliofanywa Uganda katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa na serikali kuu, na kiasi kilichofika kilipanda sana baada ya serikali kuanza kutangaza fedha hizo magazetini na kwenye mbao za matangazo. Barabara haina mzazi wa kuuliza kama ilivyo shule, ndiyo maana inahitaji zaidi mtu wa kuisomea ubao.

Ubao ukiwa mtupu, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, bila kulazimika kueleza sababu ya kuziomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Kukaa kimya baada ya muda huo huhesabiwa kuwa kukataa, na hapo unaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu. Barua iandikwe kwa Afisa Mtawala Mkuu wa wilaya, yule tunayemwita CAO, kwa kuwa yeye ndiye anayewajibika kisheria kwa kila shilingi ya wilaya. Omba vitu vichache vyenye majina: mpango kazi wa barabara wa mwaka, orodha ya kazi na gharama za barabara unayoifuatilia, hati za malipo, na daftari la mafuta na safari za mashine. Anayeomba "taarifa zote kuhusu barabara" hupewa hotuba badala ya nyaraka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa katiba tangu 2005, lakini majalada ya wilaya yameandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwombe mwalimu au karani unayemwamini akusaidie, kisha uhakikishe nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 21 hazina pa kuanzia bila mhuri huo.

Nyaraka zikishapatikana, zipeleke barabarani. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ninasisitiza kwamba ripoti isiyopita barabarani ni uvumi uliochapwa. Wilaya nyingi hufanya matengenezo kwa mashine na wafanyakazi wao wenyewe bila mkandarasi, na katika utaratibu huo wizi haujifichi kwenye zabuni, bali kwenye mafuta. Linganisha daftari la mafuta na siku ambazo greda lilionekana likifanya kazi: kama lilikuwa gereji wiki mbili huku mafuta yakiendelea kuchukuliwa, umepata swali ambalo mhandisi lazima alijibu. Pima urefu kwa simu yenye ramani, na ikiwezekana upite na watu wawili, kwa sababu hati ikisema kilomita 8 na mkapata 5, shahidi mmoja hatoshi. Hesabu makalavati moja baada ya jingine, uandike kipenyo cha kila moja, na uangalie kama maji yana mtaro wa kuyapeleka nje ya barabara, maana kalavati lisilo na mtaro humaliza barabara katika msimu mmoja wa mvua. Unene wa changarawe, ambao mara nyingi huandikwa kuwa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, unaonekana mahali ambapo mvua imekata ukingo, kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba barabara na kujitafutia kesi. Akina mama wanaouza chai karibu na shimo la changarawe na vijana wanaopakia tipa wanajua ni safari ngapi zilizofanywa kwa siku. Waulize kwa adabu, uandike walichosema, lakini usiandike majina yao mahali ambapo wengine watayaona. Angalia pia hati za mwaka uliotangulia, kwani si ajabu kukuta kipande kilekile cha barabara kimelipiwa mara mbili kwa majina mawili ya vijiji vilivyopakana.

Pale ambapo kuna mkandarasi, thibitisha kwamba kampuni ni ile inayojidai kuwa. Katika mradi wa barabara ya Mukono–Katosi–Nyenga, yenye urefu wa kilomita 74, kampuni iliyojitambulisha kwa jina la kampuni ya Marekani iitwayo Eutaw ililipwa malipo ya awali ya shilingi bilioni 24.7, na baadaye kampuni halisi ikaikana. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire ilisema mwaka 2016 kwamba zaidi ya shilingi trilioni 4 kati ya takribani trilioni 9 zilizotengewa barabara za taifa katika miaka 7 zilipotea. Kiwango cha wilaya ni kidogo zaidi, lakini ujanja haubadiliki: fedha hutoka kabla ya kazi kuonekana, kwa hiyo tarehe ya malipo uisome pamoja na tarehe ambayo mashine zilifika.

Ukipata tofauti, mwandikie CAO kwanza na umpe nafasi ya kujibu, isipokuwa kama yeye mwenyewe anashukiwa. Jibu likikosekana au likiwa halina maana, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, yenye matawi Arua, Gulu, Mbale, Tororo na Fort Portal, miongoni mwa miji mingine. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 inakataza kumwadhibu mtu aliyetoa taarifa kwa nia njema, inafanya kuwa kosa kufichua jina lake, na inamtengea asilimia 5 ya fedha zitakazorudishwa. Ulinzi huo hautegemei hasira yako, bali unategemea mlango uliopitia: Inspekta Mkuu, polisi, RDC (mwakilishi wa Rais wilayani) na Bunge wamo, lakini kundi la WhatsApp halimo. Nimewaona watu wenye ushahidi mzuri wakiutupa mtandaoni usiku mmoja, na asubuhi wao ndio walioitwa polisi kwa kumchafulia mtu jina.

Barabara ikijadiliwa katika baraza, mkutano wa hadhara ulioanzishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2009 ili viongozi wa wilaya wajibu maswali ya wananchi, uliza swali moja lenye namba: "Mheshimiwa, hati inasema makalavati 12, sisi tumehesabu 7. Matano yako wapi?" Swali la namna hiyo halimtukani mtu, na jibu lake litaandikwa kwenye kumbukumbu.

Mwisho, itumie kalenda ya wakaguzi. Wilaya hukamilisha hesabu zake ndani ya miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia tarehe 31 Agosti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilisha ripoti yake Bungeni kufikia tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo barua inayofika katika tawi lake mwezi Julai au Agosti, ikiwa na jina la barabara, namba ya hati ya malipo na picha zenye tarehe, humkuta mkaguzi akiwa bado anapanga mahali pa kwenda kukagua. Ikifika Januari, humkuta ripoti imeshachapwa, na itakubidi kusubiri mwaka mzima.