SOMO: Kuchagua fluksi ya kuyeyushia mchanga wa dhahabu na fedha

Wakuu, swali la "nitie boraksi (chumvi nyeupe ya kuyeyushia) kiasi gani?" nimelijibu mara nyingi mno. Naliandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064 za Selsiasi, fedha 962. Silika (ndiyo iliyomo kwenye kwatzi) iliyoizunguka, ikiwa peke yake, haiyeyuki mpaka ipite 1700. Fluksi hushusha joto hilo na kugeuza uchafu kuwa slagi, yaani kioo chepesi kinachotiririka, ili metali nzito izame chini.

1. Jua ulichonacho. Kwatzi nyeupe ni upande wa asidi, oksidi za chuma (mchanga mweusi, vumbi jekundu) ni upande wa besi. Kila upande unataka mwenzake: kwatzi ipe magadi soda, chuma kipe silika. Boraksi inafaa kote, kwa sababu inayeyuka mapema, karibu nyuzi 740, na inalainisha oksidi za metali nyingi.

2. Kausha. Kama mchanga una zebaki, itoe kwanza kwa ritoti, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 na mvuke wake ni sumu.

3. Choma salfaidi (madini yenye salfa) kabla ya kuyeyusha. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na mchanga uliojaa pairaiti (salfaidi ya chuma), nikaona uvivu kuuchoma, nikaongeza boraksi nikidhani itamaliza kila kitu. Kwenye kalibu (chombo cha kumiminia) nilipata matabaka matatu: kioo juu, kitu cha kijivu kinachovunjika katikati, na kitufe, yaani donge la metali, kidogo sana chini. Lile la kijivu nililitupa pamoja na slagi. Lilikuwa salfaidi ya chuma iliyoyeyuka, na salfaidi hiyo humeza dhahabu na fedha. Boraksi haiondoi salfa. Kwa hiyo tandaza mchanga uwe mwembamba, anza na moto mdogo, koroga, panda polepole mpaka wote uwe mwekundu wa kahawia hadi ndani. Ukikurupuka na moto mkali, chembe hugandana na salfa hubaki ndani. Tahadhari: fanya nje, simama upande upepo unakotoka, na usipime kwa kunusa. Pairaiti nyingi huja na aseniki.

4. Pima. Kwa gramu 100 za mchanga mweusi uliochomwa, mimi huanza na boraksi kavu 60, silika 30, magadi 20. Kwa kwatzi tupu naacha silika kabisa, naweka magadi 100 na boraksi 30. Huo ni mwanzo tu, slagi ndiyo itakayokwambia urekebishe nini.

5. Pasha chungu, jaza nusu. Magadi yakikutana na silika hutoa gesi na mchanganyiko hufura.

6. Subiri utulie, kisha mimina kwenye kalibu kavu iliyopashwa moto. Unyevu kidogo tu hurusha metali usoni.

MASWALI

Nyundo: Mkuu nipe vipimo vya mchanga wangu, nina kilo mbili.

Jibu: Mchanga wa aina gani? Rudi hatua ya 1.

Nyundo: Wa dhahabu.

Jibu: Dhahabu ndiyo isiyohitaji fluksi. Niambie kilichobaki ni nini.

Mgeni: Boraksi yangu inavimba na kurusha vumbi la dhahabu nje ya chungu. Nakosea wapi?

Jibu: Hukosei, ndugu. Boraksi ya kawaida karibu 47% ya uzito wake ni maji. Iyeyushe peke yake kwanza, imimine, ikipoa isage. Vipimo vyangu ni vya hiyo kavu. Ukitumia yenye maji, gramu 60 zinakuwa kama 114.

Mvukuto: Kitufe changu kimetoka kijivu na kinanaswa na sumaku. Nilitumia chungu cha grafaiti.

Jibu: Swali zuri sana. Kaboni ya grafaiti imenyang'anya oksidi ya chuma oksijeni yake, chuma kikarudi kuwa metali na kuingia kwenye kitufe. Mchanga wenye chuma kingi uyeyushe kwenye chungu cha udongo. Kitufe hicho kiyeyushe tena humo humo kwenye udongo, na boraksi, silika na naitreti ya potasiamu kidogo kidogo. Naitreti usiitie kwenye grafaiti, inakila chungu.

Kokoto: Umesahau oksidi ya risasi. Wapimaji wa madini wote wanaitumia.

Jibu: Sikusahau. Wao wana vyumba vya kuvuta moshi. Mvuke wa risasi sifundishi mtu kuuvuta nyumbani kwake.

Mvukuto: Nitajuaje slagi iko sawa kabla ya kumimina?

Jibu: Chovya fimbo ya chuma iliyopashwa, inua. Ikishuka kama uzi wa asali, mimina. Ikining'inia mabonge, ongeza boraksi, ngoja. Florispa (madini ya floraidi) kidogo nayo huilainisha, lakini hula kuta za chungu na moshi wake ni mbaya.

Mgeni: Na silika nikikosa?

Kokoto: Saga chupa. Kioo cha chupa ni silika kwa takriban 70%, na soda imo tayari.

Jibu: Kweli kabisa, nami huitumia. Na slagi yako ya kwanza usiitupe, Mgeni. Iponde, ioshe kwenye karai, utazame chini kama kuna punje.