Somo: Boti ya alumini au ya faiba kwa kuvua nje ya mwamba?

Tangu kusi ilegee nimeulizwa jambo hili kuliko ninavyoulizwa bei ya jodari: "Nanunua boti ya kwenda nje, nichukue alumini au faiba?" Nimeona niandike somo zima, nikiulizwa tena niwe na pa kumwelekeza mtu.

Kwanza mjue ninakotoka. Navulia Tanga, upande wa Mkondo wa Pemba. Narambaza nguru na jodari, na siku nyingine natupa mishipi ya chini kutafuta chewa na changu. Boti yangu ni ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini), mita 7, na misimu miwili nimefanya kazi kwenye ya alumini ya mwenzangu. Ninayoyasema hapa ni ya boti ndogo, mita 6 hadi 8, injini ya kupachika, watu watatu au wanne. Anayetaka chombo cha kulala baharini siku kumi, somo lake si hili.

Hatua ya 1: Kaangalie diko kabla ya boti

Siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, nenda diko utakalotumia, yaani pale pwani boti itakapokuwa ikifikia. Kwetu huku bamvua kubwa hupandisha na kushusha maji kwa mita 4 hivi, kwa hiyo boti iliyoelea asubuhi, mchana imepwelewa. Imekalia nini? Ikiwa ni mchanga au matope, nunua unayoipenda. Ikiwa ni mwamba wa matumbawe, jua kwamba kabla maji hayajaiacha, viwimbi vinaiinua na kuibwaga, vinaiinua na kuibwaga, pengine saa nzima, kila siku. Faiba hapo inasagika. Jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, hulika kwanza, kisha nyuzi zinachungulia, na nyuzi zikishachungulia maji yana njia ya kuingia ndani ya ukuta. Alumini ikibwagwa vile hubonyea na kuchubuka, lakini haipasuki upesi. Hoja ya alumini yenye nguvu kuliko zote ni hiyo. Kama diko lako ni mwamba mtupu na huna pa kutia nanga nje, sibishani nawe.

Sasa tazama mafundi. Wa faiba utawapata kuanzia Malindi hadi Mtwara. Resini na mkeka wa nyuzi vinabebeka hata kwenye bodaboda. Wa alumini ni habari nyingine. Anahitaji mtungi wa gesi ya argoni, mashine yake, waya wake, na pahali pasipo upepo, kwa sababu upepo huipeperusha gesi inayokinga mchomeo. Halafu juu ya alumini kuna utando mwembamba unaoyeyuka kwa joto la nyuzi 2,000 na zaidi, ilhali alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660. Fundi asiyeukwangua utando huo atalitoboa bati kabla hajaliunganisha. Nimemwona fundi mageti akijaribu. Tuliishia kuziba kwa mpira na bolti ili turudi nyumbani.

Kabla hujalipa alumini, mtafute fundi wake kwanza, umwone kwa macho akichomelea, uhesabu ni saa ngapi kutoka diko lako.

Hatua ya 2: Pima uzito, lakini usidanganywe nao

Muuzaji wa alumini atakwambia ni nyepesi. Ni kweli, ila si kwa sababu anayoidhani. Lita moja ya alumini ina kilo 2.7, na faiba ya mkeka ina kilo moja na nusu hivi. Faiba ndiyo nyepesi! Lakini alumini ni ngumu kupinda, mara tano hadi kumi kuliko faiba, kwa hiyo chini ya boti ya mita 6 bati la milimita 5 linatosha mahali ambapo faiba ingetaka 8 au 10. Kwa mita moja ya mraba, bati hilo ni kilo 13 na nusu, na faiba ya milimita 10 ni kama kilo 15. Tofauti ndogo sana. Uzito wa faiba unatoka kwenye mataruma (mbavu za ndani), plaiwudi ya sakafu, deki, na maji yaliyonyonywa na povu la ndani pasipo mwenyewe kujua.

Wepesi una faida zake: injini ndogo, petroli kidogo, vijana wanne wanaisukuma juu ya mchanga. Lakini boti nyepesi ikizimwa ili mvue kwa mshipi, upepo unaichukua kama karatasi. Ya mwenzangu tulikuwa tukiirudisha juu ya mwamba mara mbili pale ambapo yangu inarudi mara moja. Hiyo nayo ni petroli.

Hatua ya 3: Umbo la chini

Lala chini utazame kutoka omo, yaani mbele. Boti bapa ni tamu ndani ya ghuba na adhabu nje. Kwa maji ya nje tafuta V iliyochongoka omoni na kuendelea hadi shetri, yaani nyuma inapofungwa injini. Faiba humwagwa kwenye kalibu, kwa hiyo inakubali mikunjo yoyote. Bati halikunjiki kirahisi hivyo, na boti nyingi za alumini za bei nafuu zimenyooka mno mbele. Zikikutana na wimbi fupi la kusi zinapiga. Kiuno kinajua, na masikio yanajua, maana bati linapiga kelele kama debe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti zote mbili zinabaki diko. Hapo hakuna mjadala wa nyenzo.

Hatua ya 4: Kuikagua faiba ya mkono wa pili

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoliwa hela. Boti yangu ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa kama sahani ya harusi. Mwezi wa tatu bolti za injini zikaanza kuzama kwenye shetri. Ndani ya ngozi ya faiba kulikuwa na plaiwudi, na plaiwudi ilikuwa uji.

Kwa hiyo anza na shetri. Inua injini hadi juu, shika mguu wake, ubonyeze kwa uzito wako huku mwenzako akitazama pembeni. Shetri ikicheza, hata kidogo, achana nayo au punguza bei kwa gharama ya kuijenga upya. Fungua tundu moja la bolti uchokonoe kwa msumari: mbao kavu inatoa unga mkavu, iliyooza inatoa maji meusi yenye harufu.

Kisha chukua mpini wa bisibisi, uigonge boti yote taratibu, kiganja kwa kiganja. Sauti kali, kavu, ni nzuri. Sauti iliyofifia, kama unagonga papai bivu, ina maana tabaka zimeachana au ndani mna maji. Zungushia chaki. Vilengelenge chini ya mstari wa maji, kitoboe kimoja (umwombe ruhusa mwenyewe): kikitoa maji yenye harufu ya siki, maji yameshaingia kwenye resini. Haizamishi boti kesho, ila ni kazi ya kukwangua, kuanika wiki kadhaa na kupaka upya.

Nyufa ndogo za jelikoti kama utando wa buibui si kitu, isipokuwa zimejikusanya mahali pamoja. Hapo iligongwa.

Hatua ya 5: Kuikagua alumini

Uliza aina ya bati. Ya baharini huandikwa 5083 au 5086. Inayotumika kwa madirisha ni nyingine kabisa, na haihimili chumvi vile. Kisha ng'oa sakafu. Mwenye boti akikataa ising'olewe, ondoka. Unachotafuta ni unga mweupe na vishimo, hasa chini ya zulia, mbao iliyolowa au mpira uliobana maji. Alumini hujikinga kwa ule utando wake, na utando unahitaji hewa. Pakifunikwa na chumvi yenye unyevu, hutoboka kimyakimya.

Adui mkubwa ni shaba. Alumini na shaba ndani ya maji ya chumvi ni betri, na anayeliwa ni alumini. Kipande cha waya kilichoangukia kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti), vali ya shaba, hata sarafu, vinatosha kutoboa bati. Stenlesi nayo inaila, polepole zaidi, kwa hiyo kila bolti iwe na plastiki au mpira kati yake na bati. Waya hasi wa betri urudi kwenye betri kwa njia yake. Boti isifanywe waya. Na vipande vya zinki vinavyofungwa chini viliwe vyenyewe badala ya boti. Usivipake rangi, ukivipaka umevizima.

Nikijumlisha yote, wavuvi wanane kati ya kumi wanaoniuliza nawaambia faiba, lakini si kwa ubora wake. Ikiharibika Ijumaa, Jumatatu iko majini.

Hatua ya 6: Karatasi

Bara sajili TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni mamlaka ya bahari ya huko. Jaketi okozi kwa kila kichwa. Tuendelee.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kilwa: Shikamoo mwalimu. Mimi nina boti ya mbao ya baba, bado nzima. Naweza kuivisha faiba badala ya kununua?

Marahaba. Swali zuri na jibu lake litakuudhi. Je, mzee alikuwa akiipaka sifa? Kama ndiyo, mbao imekunywa mafuta ya papa miaka yote hiyo na resini haitaishika. Hata isiyo na sifa, mbao huvimba na kusinyaa, faiba haifuati. Baada ya mwaka inaachana, maji yanakaa katikati na mbao inaozea gizani ambako huoni. Inawezekana kwa epoksi na mbao iliyokauka sawasawa, lakini gharama yake ni karibu na boti mpya. Mwite fundi kalafati, aitie pamba upya, muiache boti ya baba iwe ya mbao.

Kutoka Kigoma: Na sisi wa ziwa? Hayo mambo ya zinki yanatuhusu?

Yanawahusu kwa namna nyingine. Maji baridi hayapitishi umeme vizuri kama ya chumvi, kwa hiyo zinki huko inakuwa kama imelala. Ziwani hutumika magnesi. Ila magnesi hiyo usiilete baharini, itakwisha upesi na inaweza kuharibu rangi. Kwa ujumla ziwa ni rafiki wa alumini kuliko bahari. Ningekuwa Kigoma, ningeifikiria kwa uzito.

Kutoka Mombasa: Rangi ya kuzuia viumbe kuota chini, naweza kutumia ile ile ya faiba kwenye alumini?

Usithubutu, ndugu yangu. Nyingi zina shaba ndani yake, na shaba nimeshaieleza. Kopo liandikwe wazi kwamba linafaa alumini. Duka lisipokuwa nayo, ipandishe boti kila wiki uisugue kwa mkono.

Kutoka Maskati: Huku boti za faiba za mkono wa pili ni nyingi. Kuna haja ya kuipakia moja hadi Unguja?

Boti si mbaya, bwana, zimetengenezwa kwa kusukumwa mchangani na zinakimbia. Wasiwasi wangu ni jua. Faiba iliyoanikwa miaka bila turubai hufanya chaki. Pitisha kidole, kikija cheupe, jelikoti imechoka. Fanya hatua ya 4 yote, shetri kwanza, na hesabu usafiri na ushuru kabla ya kupatana bei, si baada.

Kutoka Bagamoyo: Nikiziba mwenyewe tundu dogo la faiba, dawa ya kugandisha nitie kiasi gani? Mara ya mwisho ilinigandia kwenye kopo ikatoa moshi.

Pole dada, umenikumbusha vidole vyangu. Kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya resini. Kwenye joto letu kaa karibu na 1, usishuke chini yake, la sivyo haitakomaa. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana na bapa, maana kwenye kopo refu joto halina pa kutokea. Fanya asubuhi, kivulini. Kando ya tundu ziteremshe kwa msasa: ukuta ukiwa milimita 8, mteremko uwe sentimita 10 hivi kuzunguka, si kiraka cha kubandika juu. Na kama resini yako ni ile inayouzwa bila kichochezi cha kobalti, kiwe cha kwanza kukorogwa ndani ya resini, kikolee, ndipo dawa ya kugandisha ifuate. Vitu hivyo viwili visikutane peke yao hata tone, vinaweza kulipuka. Chupa zake ziweke makabati mbalimbali.