Namna ya kusoma neno "anarkia" bila kumsingizia mtu

Ukikutana na neno anarkia, anza na jaribio dogo: weka "vurugu" mahali pake. "Serikali ilipoanguka, mji uliingia kwenye vurugu." Sentensi inasimama. Hapo mwandishi anatumia maana ya mtaani, usihangaike kutafuta itikadi.

Sasa jaribu hii: "Kropotkin alitetea vurugu." Umeshamsingizia mwanafikra wa Kirusi aliyetoa kitabu kizima mwaka 1902 kuhusu viumbe kusaidiana. Neno la Kigiriki lilimaanisha kukosekana kwa mtawala, na kukosa mtawala si kukosa utaratibu. Hapo tumia uanarkisti, yaani itikadi ya jamii isiyo na mtawala. (Wataalamu wa uhusiano wa kimataifa wana maana yao ya tatu: hakuna serikali iliyo juu ya serikali zote. Basi.)

Ukishajua ni itikadi, uliza kuhusu mali, maana wanarkisti hawafanani. Proudhon, Mfaransa aliyejiita mwanarkisti mwaka 1840, alipinga mali inayomwingizia mtu kipato kwa jasho la wengine, lakini fundi akamwachia karakana yake na mkulima shamba analolilima mwenyewe. Mrusi Bakunin alitaka ardhi na zana ziwe za pamoja, kila mtu alipwe kadiri ya kazi yake. Kropotkin aliona hata kupima kazi hivyo kunarudisha ujira kwa mlango wa nyuma. Yeye alitaka kila mtu apate kadiri ya mahitaji yake. Makala inayosema "wanarkisti wanataka" bila kutaja mkondo, isome kwa tahadhari.

Halafu uliza nani anaamua. Jibu lao la kawaida ni mkutano unaomtuma mjumbe na maagizo mahususi. Akienda kinyume nayo, anaondolewa muda wowote, hasubiriwi uchaguzi kama mbunge.

Kosa linalorudiwa mno ni kuwachanganya na Wamarx, wafuasi wa Karl Marx. Wote walilenga jamii isiyo na matabaka wala dola (yaani mamlaka ya serikali), waligombania njia. Marx alitaka wafanyakazi waishike dola kwanza. Bakunin alijibu kwamba watakaoishika watageuka mabwana wapya, na mwaka 1872, kwenye kongamano la The Hague, akafukuzwa katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi. Kwa hiyo maandishi ya kabla ya hapo yakitaja "wasoshalisti" kwa jumla, wachambue jina kwa jina: pande zote mbili bado zilikuwa chumba kimoja.