Korosho ndani ya viboksi 256: namna ninavyotafuta wazo la picha za gemu

Mwaka juzi nilichora msitu wa misonobari uliofunikwa na theluji, na nyuma yake ngome ya mawe yenye bendera tatu. Kazi ya wiki tatu. Jamaa anayeandika programu ya gemu letu akaitazama kidogo tu, akasema, "Kali. Ila hii nimeshaicheza." Na gemu lenyewe lilikuwa halijafika hata nusu! Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaona kasema kweli. Theluji sijawahi kuishika. Misonobari niliyopita katikati yake ni ile ya Sao Hill kule Mufindi, iliyopandwa kwa mistari kama shamba la mahindi. Ngome pekee niliyowahi kuingia ni Gereza la Kilwa Kisiwani, lenye kuta za mawe ya matumbawe ambazo ukiziegemea zinakukwaruza shati. Kwenye picha yangu hakikuwemo hata kimoja kati ya hivyo. Nilikuwa nimechora magemu niliyowahi kuyacheza.

Tangu hapo nina utaratibu, na watu wakiniuliza ilhamu naipata wapi, ndio huu ninaowaeleza.

Weka simu mbali. Chukua kitu kimoja kilichomo nyumbani, kiwe cha kushikika, ukitazame nusu saa kabla hujagusa penseli. Nusu saa ya saa, si ya mdomo. Dakika kumi za mwanzo utaona unachokijua tayari, na utachoka. Vumilia, maana kitu huanza kujionyesha ukishachoka.

Mimi nilianza na kanga ya mama, ile anayojifunga akienda kuchota maji. Ina nanasi moja kubwa mjini, yaani katikati, jina (yale maneno ya chini) limefifia mpaka herufi za mwisho hazisomeki, na pindo ni jeusi lenye korosho nyekundu zimepangwa kuzunguka pande zote nne. Nimeiona kanga hiyo miaka mingi. Lakini siku ile, nilipoikunjua mezani na kuinamia, nikagundua kwamba wekundu wa korosho haujakaa sawasawa ndani ya umbo lake. Kiwandani rangi iliruka kidogo kulia, kama upana wa uzi, na kushoto kwa kila korosho pakabaki ufito mweupe. Korosho zote zinafanya hivyo, upande uleule. Ni kasoro ya uchapaji, lakini ndiyo inayofanya pindo lionekane kama limemulikwa na taa kutoka kushoto.

Hicho ndicho unachokitafuta. Mtu aliyekaa mbali anajua kanga ina korosho. Huo ufito anaujua aliyeinama tu.

Sasa penseli. Nunua daftari la hesabu, lile la viboksi, halafu pigia mstari mraba wa viboksi 16 kwa 16. Ni viboksi 256, na kila kimoja ni pikseli, yaani nukta moja ya picha kwenye kioo. Wengi wanarukia kompyuta hapa. Mimi nashauri karatasi, kwa sababu kwenye kompyuta utavuta picha karibu mpaka kiboksi kimoja kijaze kioo, uanze kurembesha kitu ambacho mchezaji hatakiona. Kwenye daftari kiboksi kinabaki kidogo, na wewe unabaki na adabu.

Korosho yangu haikuenea. Pamoja na ule mkia uliojipinda ilihitaji kama viboksi 20 kwa urefu. Nikafuta, nikachora, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: kuamua nini kiondoke. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa magemu wa Nintendo, alipomchora Mario kwa ajili ya gemu la Donkey Kong la mwaka 1981 alibanwa hivihivi. Mdomo haukuonekana kwenye nafasi ndogo ile, akaweka masharubu. Nywele zilimsumbua, akamvalisha kofia. Sura inayojulikana dunia nzima imetokana na uhaba wa viboksi. Na katika Super Mario Bros. ya 1985, mawingu na vichaka ni umbo lilelile, rangi ndiyo iliyobadilishwa. Mimi nikakata mkia wa korosho, nikauacha ule ufito mweupe, pikseli moja tu kushoto. Ikatosha.

Kwenye rangi, jipe tatu. Sio tatu na nusu. Mashine ya kale ya Nintendo iliruhusu kila kipande cha picha kinachotembea rangi 3 tu, na waliozitumia walituachia wahusika tunaowakumbuka mpaka leo. Kwetu pia mambo yalianzia kwenye uhaba. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alipaka alichoweza kukinunua dukani. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo alichora kama miaka minne tu, na bado jina lake ndilo jina la mtindo mzima.

Mjomba wangu alinifundisha mtindo huo nikiwa darasa la sita, na kitu kimoja alichonipigia kelele mno ndicho kinachonisaidia zaidi kwenye gemu: anza na nyuma. Unapaka usuli wote, unaacha ukauke, ndipo unaweka mwili wa mnyama, unaacha ukauke, ndipo madoa na nakshi. Rangi ya mafuta haina haraka na mtu. Nina picha moja ya tembo yenye alama ya kidole changu ubavuni kwa sababu sikungoja. Kwenye kompyuta hakuna cha kukauka, ndiyo maana watu huchanganya kila kitu kwenye tabaka moja, kisha wakitaka kubadili anga wanajikuta wanachora upya na mnyama. Weka tabaka tatu: usuli, mwili, nakshi. Jifanye zinahitaji kukauka. Nenda kanywe chai kati ya moja na nyingine.

Kigae chako, yaani ule mraba wa viboksi, kikishakamilika, lazima kiungane na nduguye. Kipande cha 16 kwa 16 kitarudiwa mara mia chini ya miguu ya mchezaji, na kosa dogo ukingoni litageuka mstari unaokera macho. Njia ya karatasi ni hii: kata mraba wako katikati kwa wima, badilisha nusu hizo mahali, ya kulia ikae kushoto na ya kushoto kulia. Kingo zilizokuwa nje sasa zinakutana katikati, na kila kilichovunjika kinaonekana waziwazi. Rekebisha, kisha fanya vilevile kwa ulalo. Ukihamia kwenye kompyuta, Krita, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure, ina kitufe cha W kinachorudiarudia picha pande zote huku unachora. Kizuri sana, ila kata karatasi angalau mara moja uelewe kinachotokea.

Mhusika ni habari nyingine. Kabla ya macho, nguo au manyoya, mjaze mweusi wote, abaki kivuli, kisha umwonyeshe mtoto. Usimwonyeshe msanii mwenzio, atakuonea huruma. Chui wangu wa kwanza nilimwonyesha mpwa wangu wa miaka sita, akasema, "Paka anaumwa tumbo." Nilipomtazama vizuri, kweli, mgongo ulikuwa umejikunja kwa namna hiyo. Chui nikamwacha. Nikachora kuku, kwa sababu kuku walikuwepo uani.

Hapo tena ni kutazama. Nilidhani kuku akitembea kichwa kinakwenda mbele na nyuma. Nikamrekodi kwa simu, nikapunguza kasi ya video: kichwa kinasimama palepale hewani, kiwiliwili ndicho kinachosogea chini yake, halafu kichwa kinarushwa mbele mara moja na kusimama tena. Fremu nne, yaani picha nne zinazofuatana, zilitosha. Katika tatu kichwa hakigusiki kabisa, nabadilisha miguu na kifua. Ya nne shingo inafyatuka. Jamaa yangu wa programu alipoiona alicheka kwa sauti, na huyu si mtu wa kucheka.

Kuazima kutoka kwa wachoraji wakubwa siyo dhambi. Fumito Ueda, aliyetengeneza gemu la Ico la mwaka 2001, alichora mwenyewe picha ya jalada akiwa na michoro ya Mwitaliano Giorgio de Chirico akilini. Ukiiangalia, alichochukua ni vivuli virefu na uwanja mtupu unaowafanya watu waonekane wadogo mno. Ndani yake akawaweka watoto wawili wa gemu lake wanaokimbia. Kwa hiyo ukimpenda mchoraji, andika kwenye karatasi kitu kimoja unachomwazima, kwa maneno machache: "kivuli kirefu", "usuli wa rangi moja". Orodha ikifika vitu vitatu, unanakili.

Na tafadhali, ukisikia "chora cha kwenu", usikimbilie mbuyu wenye jua jekundu nyuma yake na Mmasai amesimama mguu mmoja. Kwa mtoto wa Temeke hiyo ni theluji yangu ileile, imebadilishwa joto tu. Cha kwenu ni kile ambacho unaweza kueleza kasoro yake.

Ukiwa na kigae na mhusika, viunganishe mapema, hata kama vinatia aibu. Mimi natumia Godot, programu ya kutengenezea magemu, nayo ni ya bure, na jioni moja ilinitosha kumtembeza kuku juu ya sakafu. Nikampelekea mama simu. Aliangalia, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akavaa miwani.

"Hii si kanga yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu kuku anaikanyaga kwa ruhusa ya nani?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli pindo lenye korosho nyekundu lilikuwa linamficha kuku mwekundu. Nilikuwa nalijua hilo wiki nzima nikijifanya silioni. Nikalihamishia juu, ukutani, likazunguka chumba kama linavyozunguka kanga. Sakafu sasa ni mkeka wa bibi. Niliutazama nusu saa: umeshonwa kwa mikanda ya ukili, na mkanda mmoja katikati umesukwa na mkono mwingine, milala yake imelala upande tofauti. Nimeuweka huo mkanda kwenye kigae cha nne. Bibi bado hajaonyeshwa.