Maji ya tanki la chumvi yakichafuka ghafla: anza na hiki, fuata na hiki

Wakuu, hii ni kwa wanaofuga samaki wa baharini nyumbani, iwe tanki la lita 60 lenye nemo (clownfish) wawili au la lita 400 limejaa matumbawe. Tuchukue tanki la lita 200, Dar, mwezi wa pili, joto kali, umeme umekatika usiku kucha. Asubuhi unakuta maji yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, nemo wako juu kabisa wanahema, konokono wamepanda hadi ukingoni mwa kioo na kamba amelala ubavu. Hapo una masaa tu, na kinachookoa ni mpangilio, yaani nini kinatangulia nini. Wengi wanakimbilia kumwaga dawa au kubadili maji yote kwa mpigo, alafu samaki ambaye angepona anakufa kwa hayo marekebisho yenyewe.

Hatua ya 1: hewa

Usipime kwanza, usitafute dawa, weka hewa. Maji ya bahari yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi kwenye joto lile lile, na joto likipanda inazidi kupungua. Ule weupe nao ni bakteria wanaozaliana kwa kasi, wanavuta oksijeni hiyo hiyo ambayo samaki anaitafuta. Kwahiyo fungua mfuniko, fungua madirisha ya chumba, washa pampu ya hewa ya betri. Huna? Chukua jagi safi, chota maji ya tanki uyarudishe ukiyamwaga kutoka juu kidogo ili yapige uso wa maji, rudia rudia, mpe na mtoto akusaidie, ni kazi inayochosha mkono ila inafanya kazi kweli. Umeme ukirudi elekeza pampu ya kuzungusha maji juu mpaka uso wa maji utibuke.

Joto likiwa limefika 31 au 32, jaza chupa maji, igandishe, funga vizuri uiache ielee ndani ya tanki. Shusha pole pole, nyuzi moja kwa saa inatosha, unataka kufika 26 hivi. Usitupie barafu moja kwa moja, inapunguza chumvi.

Hatua ya 2: usiwashe filta ya mtungi kabla hujaifungua

Hii naomba mtu aisome mara mbili. Filta iliyofungwa, maji yakisimama ndani masaa mengi, oksijeni inaisha, bakteria wazuri wanaanza kufa na yale maji yanaoza. Umeme ukirudi inajiwasha yenyewe na kusukuma uozo wote kwenye tanki ambalo tayari limezidiwa. Chomoa waya ukutani mara tu umeme unapokatika kwa muda mrefu. Kisha ifungue, nusa. Ukisikia harufu ya yai bovu mwaga maji yote ya ndani, toa sponji na vijiwe uvisuuze kwenye ndoo ya maji uliyochota kwenye tanki, sio ya bomba maana klorini itamalizia bakteria waliobaki. Ndio uirudishe.

Hatua ya 3: tafuta chanzo

Hesabu samaki wako mmoja mmoja. Asiyeonekana mtafute nyuma ya mawe, ndani ya pampu, hata sakafuni. Samaki mmoja mkubwa aliyekufa usiku anatosha kuchafua lita 200. Anemoni (mnyama laini wa baharini anayefanana na ua) aliyeanza kuyeyuka mtoe mara moja, usisubiri. Na kama unafuga jongoo bahari, huyo akifa au akinyonywa na pampu anaweza kuachia sumu yake mwenyewe kwenye maji, ni tofauti na amonia (sumu inayotokana na kinyesi, mabaki ya chakula na mizoga), kwahiyo hapo weka kaboni (mkaa wa filta unaonyonya sumu) mpya ya kutosha na ujiandae kubadili maji mengi.

Uliza pia nyumbani kama kuna mtu amepuliza dawa ya mbu au amesafisha kioo kwa sabuni. Kamba na kaa wanapotetemeka na kuanguka wakati samaki bado wako sawa, mimi huwa nashuku dawa ya wadudu kabla ya kitu kingine. Tiba ni ile ile, kaboni na maji mapya, ila zima pampu ya hewa ya chumba hicho mpaka harufu iishe au uivutishe hewa ya nje kwa mpira mrefu, sababu hiyo pampu ndio inaiingiza sumu ndani.

Hatua ya 4: sasa pima

Amonia, pH (kipimo cha uasidi wa maji), chumvi, joto. Amonia inatakiwa iwe 0. Kwenye kipimo kile cha vichupa viwili, njano ni sifuri na kadiri inavyoelekea kijani ndio amonia inapanda. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, isome kwenye mwanga wa mchana juu ya karatasi nyeupe, taa ya bluu ya tanki inadanganya macho.

Kitu cha kuelewa ni kwamba amonia ile ile ina ukali tofauti kulingana na pH. Kwenye pH 8.2 sehemu yenye sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya pH 7. Hewa ikikosekana usiku kabonidayoksaidi inajaa na pH inashuka, alafu wewe unapoweka hewa na maji mapya pH inapanda na amonia iliyokuwa imetulia inakuwa kali. Usiache kuweka hewa kwa sababu hiyo, ila ukiwa na dawa ya kufunga amonia iweke kabla ya kubadili maji, kwa kipimo cha chupa ukihesabu lita za tanki zima. Skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) itatoa povu hovyo baada ya hapo, toa kikombe chake, iache izunguke tu.

Hatua ya 5: badili maji

Amonia ikiwa 2, kubadili nusu kunaishusha hadi 1, nusu nyingine hadi 0.5. Mimi napenda kuanza na asilimia 40, nasubiri masaa kadhaa, napima tena. Chumvi ya akwariamu tu, ya mezani hapana. Inakula gramu 35 hadi 38 kwa lita, kwahiyo lita 80 ni karibu kilo 3. Izungushe na pampu mpaka maji yawe maangavu, pima ifanane na tanki lako. Tanki linalokauka kidogo kidogo linaweza kuwa 1.028 kwenye kipimo cha uzito wa maji ya chumvi bila wewe kujua na maji mapya ni 1.025, hapo ingiza taratibu kwa mpira mwembamba, konokono na kamba hawavumilii mruko.

Ukitumia maji ya bahari, chota maji yakiwa yamejaa, upande ulio wazi wa bahari. Sio karibu na daraja la Salenda ambako Msimbazi unamwagika, sio ferry, na sio baada ya mvua za masika maana chumvi imeshuka na uchafu wa mitaro umeingia.

Hatua ya 6: siku zinazofuata

Usilishe siku mbili tatu. Mkubwa mwenye afya hafi kwa hilo, chakula kwa sasa ni amonia nyingine tu. Pima asubuhi na jioni. Nitriti (inayobaki bakteria wakivunja amonia) ikianza kupanda usipaniki kama wafugaji wa maji yasiyo na chumvi wanavyopaniki, kloraidi iliyoko kwenye maji ya chumvi inaizuia isiingie kirahisi kwenye matamvua. Kinachokupa kazi bado ni amonia. Usioshe mawe hai (mawe ya baharini wanamoishi bakteria wazuri), usiweke dawa ya shaba hata ukiona samaki ana madoa, shaba inaua konokono, kamba na matumbawe na inajificha ndani ya mawe; mgonjwa mhamishie ndoo ya pembeni yenye hewa. Amonia ikikaa sifuri wiki nzima huku unalisha kawaida, ndio ufikirie kuongeza samaki mwingine.